Vipandio Vilivyopigwa Vanishi

Mtu anayepigilia kipandio kwenye nguzo kwa misumari miwili, kisha akasimama kando mikono kiunoni akijiona amejenga, huyo hastahili hata salamu ya asubuhi. Hivyo ndivyo alivyoamini fundi seremala aliyeitwa Msasa, na kwa hilo hakuna wa kumlaumu. Yapo mengine ya kumlaumu, na tutayafikia, lakini kuhusu misumari haki ilikuwa yake.

Misumari yenyewe ilikuwa uani kwake, mbele ya macho yake, kila alipofungua dirisha la karakana. Shemeji yake, mdogo wa mke wake, pande la mtu lililoitwa Tofali, alikuwa ameugeuza uwanja wa nyuma ya nyumba kuwa jimu. Mhimili wa gari bovu ndio uliokuwa chuma cha kunyanyulia. Makopo ya rangi yaliyojazwa saruji yalining'inizwa huku na huku kuongeza uzito. Matairi yalilala chali yakikusanya maji ya mvua na viluwiluwi vya mbu. Na katikati ya takataka zote hizo zilisimama nguzo mbili zilizochimbiwa ardhini, na baina yake vipandio vya mbao vilivyogongomelewa misumari, kimoja kimeinama huku, kingine kimeinama kule, mfano wa meno ya mtu aliyetoka kupigana.

Kila jioni vijana wa mtaa walijaa humo. Waliguna, wakatema mate, wakajipangusa kwa taulo moja ambayo rangi yake ya mwanzo hakuna aliyeikumbuka. Mmoja akimaliza kuning'inia kwenye kipandio, mwenzake anadaka palepale penye unyevu wa viganja, bila hata kupuliza. Msasa aliyatazama hayo huku pua imekunjamana na mate yakimjaa mdomoni. Harufu ya vikwapa ilipita dirishani ikaingia mpaka kwenye vumbi la mbao, na vumbi la mbao, kwake yeye, lilikuwa na harufu safi kuliko kitu chochote duniani.

"Shemeji," alimwambia Tofali siku moja, "hawa watu wako hawana makwao?"

"Wanayo."

"Na huko kwao hakuna maji?"

"Jasho ni dawa, shemeji."

"Dawa ya kuua nini?"

Tofali alicheka mpaka kifua kikatikisika. Watani hawa walikuwa wakisemana hivyo tangu siku ya posa, na hakuna aliyewahi kununa. Tofali alimwita shemeji yake "bibi harusi" kwa jinsi alivyonyanyua suruali akipita uani. Naye Msasa alimwambia kwamba siku akifa atazikwa na kipande cha sabuni, wapate angalau kujuana, maana akiwa hai hawajawahi kukutana.

Kinyaa cha Msasa hakikuanzia uani. Alikulia katika nyumba ya watoto wengi na taulo moja. Karai la kuogea lilikuwa moja, maji yakibadilika rangi kwa kila anayetoka, na yeye, kitinda mimba, ndiye aliyeingia mwisho. Alipopelekwa kujifunza useremala, mkuu wa karakana alikuwa akichemsha gundi ya kwato na ngozi kwenye kopo jeusi, na uvundo wake ukiingia kwenye nguo, fua usifue, umo. Siku ya kwanza Msasa alitapika juu ya benchi la kazi. Siku ya pili alitapika nje, ikahesabiwa kuwa ni maendeleo. Mkuu akamwambia achague: azoee gundi au akauze nyanya.

Gundi hakuizoea, na nyanya hakuuza. Alijifunza kuunga mbao bila gundi. Alichonga ulimi wa ubao ukaingia kwenye tundu lake ukatulia, akaukaza kwa kabari, na kiti kikasimama miaka nenda rudi bila tone la kitu kinachonuka. Watu walitoka mbali kuja kununua vitanda vyake visivyolia. Walidhani ni ufundi mtupu, kumbe ufundi wote ule ulizaliwa na kichefuchefu. Msasa mwenyewe alijivunia, kwa sababu mtu akila kwa kilema chake hukiita kipaji. Na hilo jina la Msasa alipewa kwa kuwa hakuna ubao uliotoka mikononi mwake bila kusuguliwa mpaka usahau kwamba uliwahi kuwa mti.

Hata mke, Msasa alimchagua kwa harufu ya sabuni. Alikuwa msusi, anaosha vichwa vya watu kutwa nzima, na alipopita barabarani hewa ilibaki safi nyuma yake. Lakini ndani ya kazi yenyewe Msasa hakuthubutu kuchungulia. Vichwa vyenye mba, vichwa vyenye chawa, vichwa vyenye vidonda, mkewe alivilaza vyote mapajani akavishika huku akipiga soga, kana kwamba hajui maana ya kinyaa. Jioni mume alimngojea mlangoni na maji ya moto, anawe mpaka viwiko ndipo aguse sufuria. Mke alinawa huku akicheka. "Huyu mwanaume angeoa beseni," aliwaambia wateja wake, nao wakacheka naye.

Kisha asubuhi moja, akiwa katikati ya kichwa cha mteja, mkono wake wa kushoto uliangusha kitana. Akainama kukiokota, asiinuke. Kilikuwa kiharusi.

Alirudi kutoka hospitali akiwa na akili zake zote na ulimi wake ule ule, mzito kidogo lakini bado mkali. Mguu ulirudi nusu, akawa anatembea kwa kuuburuta. Mdomo ulipinda upande mmoja, na udenda ukawa unamtoka bila mwenyewe kujua. Mkono wa kushoto ulining'inia tu. Mtaalamu wa viungo, mama mmoja mkavu asiyependa maneno mengi, alilishika bega, akalizungusha, akasema mkono bado una uhai, ila ukiachwa ulale utagandia hapo hapo, na ukishaganda hakuna wa kuuamsha.

"Mtafutieni ngazi," alisema. "Chochote chenye vipandio. Mkono upande kimoja kimoja, kila siku, mpaka upite kichwa. Na awepo mtu wa kumshika kwa nyuma. Amshike kweli, kiunoni na kwapani, asimwachie. Wewe ndiye mume?"

"Ndiye mimi."

"Basi ni wewe."

Mkono upite kichwa. Nyumba nzima ikawa inalitafuta jambo hilo moja. Msusi asiyeweza kuinua mikono yote miwili hana kazi. Anabaki kuwasimulia watu kwamba aliwahi kusuka. Mke wa Msasa aliapa kuwa kabla mvua hazijarudi atakuwa amesimama tena nyuma ya kichwa cha mtu. Ngazi ilikuwepo uani, ile mbovu ya Tofali. Ila aliyemshika kiunoni na kwapani hakuwa mume. Msasa alisema ana kazi ya watu, inadaiwa haraka. Ikawa kila jioni, kabla vijana hawajaja, Tofali anamwegemeza dada yake kifuani, wanapanda vipandio kwa kelele na vicheko, udenda unamdondokea mkononi, naye anaufutia kwenye kaptula bila hata kuangalia. Msasa aliyaona hayo kupitia dirishani. Akarudi kwenye randa yake.

Asije mtu akasema hakumjali mke wake. Alimjali kupita kiasi. Alimtengenezea kiti cha bafuni chenye mgongo. Akamtengenezea reli ya kushikia, kutoka kitandani mpaka chooni, imeungwa vizuri hata huoni ilipounganishwa. Akatengeneza sinia lenye miguu, na kijiko chenye mpini mnene wa kutosha kiganja dhaifu. Kikombe chake alikijengea rafu ya peke yake, na sahani yake, na kijiko. Mwisho akamtengenezea kitanda cha peke yake, kando ya kile cha zamani, apate nafasi ya kujinyoosha. Wageni waliingia wakasifu. Mume wa namna hii siku hizi yuko wapi? Mke alishukuru kwa kila kitu kilicholetwa. Na wala haikuhitaji macho makali kuona kwamba vitu vyote vile vilikaa baina ya mkono wa mume na mwili wa mke, lakini wageni hutazama samani tu.

Jioni moja msumari ulilegea. Kipandio kikazunguka kiganjani mwa mke, na kichwa cha msumari kikamchana kidole. Halikuwa jeraha la kutisha, lakini Msasa alitoka karakana mbio, akakishika kile kipandio kwa kipande cha gazeti na kukivuta, kikatoka chote mkononi mwake. Pale mbao ilipokuwa imelalia nguzo palikuwa na utando mweusi wa jasho, vumbi na kutu, na ndani yake vidudu vyeupe vikakimbia huku na huku kutafuta giza.

"Tazama!" alipiga kelele. "Tazama unachomshikisha dada yako! Hii ni ngazi au kaburi?"

"Punguza, shemeji. Ni msumari mmoja."

"Msumari haushiki mbao. Msumari unaitoboa, halafu unangoja kutoka. Kila mkining'inia unalegea, na kwenye huo mwanya mnafuga uozo. Ng'oa takataka yako yote. Ngazi naijenga mimi."

"Na kumshika dada, utamshika wewe?" Safari hii Tofali hakuwa anatania.

"Nikijenga mimi, hatahitaji mtu wa kumshika."

Mke wake alikuwa amekaa juu ya tairi akinyonya damu kidoleni. Aliomba asaidiwe kuinuka, na aliyemsaidia alikuwa Tofali.

Hapa lazima tumpe mtu haki yake, kwa sababu kazi aliyoifanya ilikuwa kazi. Nguzo alizichagua za mti mgumu ambao haujakauka sawasawa, bado una ubichi kwa ndani. Vipandio alivichonga kwa mbao zilizokaa darini miaka mingi, zimekauka mpaka ukizigonga zinalia. Vijana walimcheka kwa kuchanganya mbichi na kavu. Akawajibu kwa dharau, lakini akawajibu: nguzo itakapokauka, tundu litasinyaa na kukibana kipandio, ambacho chenyewe hakina tena pa kusinyaa. Ukifanya kinyume, kipandio ndicho kitakachosinyaa, kitacheza ndani ya tundu, nawe utarudi kwenye misumari kama mlevi anavyorudi kilabuni.

Alitoboa matundu kwa keekee mpaka ncha ikachungulia upande wa pili, akaigeuza nguzo akamalizia kutoka huko, mbao isimeguke. Mwisho wa kila kipandio aliupasua kwa msumeno, akaupitisha tunduni, kisha akaigonga kabari kwenye ule mpasuo mpaka mbao ikatanuka na kujaa tundu. Kabari aliikingamisha na nyuzi za mbao ya nguzo, maana ukiilaza sambamba nazo unaipasua nguzo kwa mkono wako mwenyewe. Aligonga huku ametega sikio. Kabari ikifika mwisho mlio hubadilika, unakuwa mkavu, na hapo fundi huacha. Pigo moja la kiburi baada ya hapo linaharibu kazi nzima.

Ngazi iliposimama, Tofali aliirukia kwa uzito wake wote, akajitupa huku na huku, akaitingisha kwa nia mbaya kabisa. Haikutoa hata mlio.

"Shemeji, hapa umemaliza," alikiri.

Mke alikuja akiburuta mguu. Akapitisha kiganja chake kibovu juu ya kipandio. Mbao ilikuwa imepigwa randa tu, bado ina ukwaru unaokwaruza kiganja.

"Iache hivi hivi," alisema. "Inashikika. Vidole vinaisikia."

"Haijaisha."

"Kwangu imeisha."

"Mke wangu, mbao tupu inakunywa. Jasho linaingia, mate yanaingia, hayatoki tena. Muda si mrefu inanuka. Nikiipiga vanishi, kila kitu kinabaki juu. Unapitisha kitambaa cha sabuni, kwisha habari."

"Kila kitu gani?"

"Jasho la hawa mabwana," alijibu upesi, akaingia ndani kutafuta brashi.

Akavisugua vipandio kwa msasa mpaka vikawa laini, akavipaka vanishi, ikakauka, akasugua, akapaka tena, na tena. Mwisho viling'aa kama vyombo vya harusi. Vijana waliotaka kujaribu aliwafukuza, mgonjwa kwanza. Chini ya nguzo akaweka ndoo ya maji ya sabuni na kitambaa cheupe. Na alifurahi, tuseme ukweli. Tangu kiharusi kiingie nyumbani mwake, hicho kilikuwa kitu cha kwanza kinachohusu ugonjwa ule alichoweza kukitazama bila tumbo kumpanda.

Siku ya kuanza jua lilikuwa kali. Tofali alijiweka nyuma ya dada yake kama ilivyokuwa kawaida, lakini dada akamsogeza.

"Ngazi amejenga yeye," alisema. "Leo anishike yeye."

Msasa alikuja, kitambaa begani. Gauni la mkewe lilikuwa limelowa mgongoni kwa joto, jasho likimteremka shingoni, na udenda ulikuwa umeshafika kidevuni. Alimshika kiunoni kwa ncha za vidole. Kwapani hakugusa. Mke akakamata kipandio kwa mkono mzima, na mkono mgonjwa ukaanza safari yake, kipandio hiki, halafu kile, vidole vikipapasa, vikikaza, vikilegea, vikikaza tena. Alikuwa akihema kwa nguvu. Mkono ulifika usawa wa bega, ukapita. Haukuwa umewahi kupita hapo tangu augue.

"Dada, twende!" Tofali alipiga kelele. "Twende!"

Ndipo jasho likatiririka kutoka kwapani kwa mke, likashuka ubavuni, likamfikia Msasa vidoleni. Lilikuwa la moto. Akavuta mikono akajipangusa kwenye kitambaa. Hakuamua kufanya hivyo, mikono ilikwenda yenyewe, jinsi mtu anavyofumba jicho vumbi likija. Na papo hapo kile kiganja kibovu, kilicholowa, kikateleza juu ya vanishi. Mbao tupu ingekikwaruza na kukizuia. Vanishi haikuzuia kitu. Mkono mzima ulijaribu kudaka, nao ukateleza, na mke wa Msasa akaenda chini, bega la kushoto likatangulia ukingoni mwa tairi.

Ngazi yenyewe haikutikisika hata kidogo.

Tofali alimwinua dada yake, akamweka juu ya kiti. Kisha akamgeukia shemeji yake, aliyekuwa bado amesimama na kitambaa mkononi.

"Ulikuwa unafuta nini?"

Msasa alikiangusha kitambaa ndani ya ndoo.

Kesho yake mtaalamu wa viungo alilipapasa bega, akasema halijavunjika wala kutoka, ni bahati tu. Apumzike mpaka uvimbe ushuke, kisha apande tena. Tatizo si uvimbe, alisema, tatizo ni woga. Wengi wakishaanguka hawapandi tena, na hapo ndipo mkono unapoganda. Hayo yote aliyasema huku akimtazama Msasa, akafunga mkoba wake akaenda zake.

Msasa akampelekea mkewe chai kwenye lile sinia lenye miguu. Mke alikitazama kikombe asikishike.

"Kaa," alisema.

Akavuta kiti.

"Si huko. Hapa, kitandani."

Akakaa ukingoni.

"Ile vanishi ulimpakia nani?"

"Si nilikwambia. Wale vijana..."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Vijana wamejaa humu uani miezi na miezi, hukuwahi kuwapakia kitu. Umenipakia mimi. Jasho langu. Mate yangu." Alipangusa mdomo kwa mkono mzima. "Mimi niliugua kiharusi, sikupofuka. Kikombe changu kina rafu yake. Nikikupa kitu hukipokei, unangoja nikiweke chini ndipo ukiokote. Kitanda umenichongea, kizuri, nilale peke yangu. Ndugu yangu ananishika kama dada yake. Wewe unanishika kama mtu anayetoa panya mtegoni."

Msasa alitazama sakafu. Uso ulikuwa unamwaka moto.

"Si kupenda kwangu," alisema. "Unanijua. Tangu utotoni..."

"Nakujua. Nimekunawia mpaka viwiko ujana wangu wote, nikicheka. Sasa sina tena cha kuchekea. Unafikiri mimi sikuwa naona kinyaa? Vichwa vyenye usaha vile, unafikiri nilikuwa siunusi? Nilikuwa nakuja nyumbani kula, chakula hakipiti. Lakini nilivishika, kwa sababu kila kichwa kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa ananitazama kwenye kioo aone nitakunja uso au sitakunja."

Msasa hakuwahi kuambiwa hilo. Miaka yote alidhani mkewe aliumbwa hivyo, kama wengine walivyoumbwa warefu.

"Uvimbe ukishuka narudi kwenye ngazi," mke alisema. "Tofali nimemkataza asije. Ama unanishika wewe, ama mkono ugande na nikae kwenye viti vyako mpaka nife. Na hiyo chai ondoka nayo."

Akatoka na chai yake. Uani vipandio vilikuwa vinang'aa juani, na kwa mara ya kwanza maishani mwake kazi ya mikono yake mwenyewe ilimtia kichefuchefu. Alijichukia, tena si kidogo. Alichukua kipande cha kioo kilichovunjika, kama mafundi wafanyavyo, akaanza kuikwangua vanishi. Ilitoka kwa vipande vyembamba vikamganda kwenye jasho la mikono. Alikwangua kutwa nzima mpaka mbao ikarudi kuwa mbao, yenye ukwaru wake. Vijana walikuja, wakamwona, wakaondoka bila kunyanyua hata kopo. Na alipomaliza akajua kwamba hajamaliza chochote. Angeweza kukwangua mpaka nguzo ziishe, bado angekuwa anatengeneza kitu, na mkewe hakuomba atengenezewe kitu.

Uvimbe uliposhuka, mke alitoka uani jioni akiburuta mguu, akasimama mbele ya ngazi. Hakumwita mtu. Msasa aliweka randa chini, akatoka, akasimama nyuma yake. Mkono mmoja akauzungusha kiunoni. Wa pili akauingiza kwapani, kiganja kizima, mpaka vidole vikafika mbavuni. Palikuwa na unyevu na joto, na harufu ikampiga usoni akiwa hana pa kugeukia, kwa sababu ili kumshika sawasawa ilibidi kidevu chake kilale begani kwa mkewe. Mate yalimjaa mdomoni. Akayameza.

Mkono mgonjwa ukaanza. Ulikwenda polepole kuliko mwanzo, na kila kipandio ulisita, kwa sababu bega lilikumbuka tairi. Mke alikuwa anatetemeka. Uzito wake wote ukamwegemea. Udenda ukashuka kidevuni, ukaning'inia, ukamdondokea Msasa juu ya kifundo cha mkono, ukatambaa kuelekea kiwiko. Ngozi yote ilimsisimka. Mikono ikataka kwenda yenyewe tena, akaizuia.

Mke alihisi.

"Unaona kinyaa?" aliuliza bila kugeuka.

Angeweza kusema hapana, na lingekuwa neno la upole.

"Naona."

"Sana?"

"Sana."

"Haya," alisema, na vidole vyake vikaanza kukitafuta kipandio cha juu ya bega. "Kaza mikono basi. Napanda."